Pale Palikuwa pa Nyanya Yako

Tarasaa

Mwanangu Jillo,

Begi lako liko mlangoni, na mama yako amelifungua tena na tena kuhakikisha sweta imo. Sweta ya kupeleka Doha! Nimemwambia kule ni jua tupu, akanijibu kwamba ndani ya majumba yao kuna baridi ya mashine. Mambo ya pasipoti, ya chakula, ya nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, ameshakuambia yeye, tena vizuri kuliko ningeweza mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu mafuriko, na basi la asubuhi halitanisubiri nijikaze.

Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba natengeneza pampu. Mlikuwa jikoni, hamkujua nipo. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Mama, mimi ndio nilichimba. Hii mikono ndiyo ilichimba." Akakwambia, "Wacha hayo, mwanangu." Ukasema, "Siwezi wacha. Naenda nayo."

Nilijua ni shimo gani unalolizungumzia. Ni kaburi la Zaka. Miaka hii yote nilidhani unanichukia mimi, na hilo nilikuwa nimelizoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Sikujua kwamba unajichukia wewe. Ningejua, ningeandika barua hii zamani.

Itabidi nianze na bendi. Najua utakunja uso.

Nilikuwa kijana kama wewe nilipoisikia Radi Kavu mara ya kwanza. Pale Garsen, karibu na mabasi ya Lamu yanaposimama, palikuwa na duka la mtu aliyerekodi kaseti. Nilitumwa chumvi. Nikasikia gitaa linakwaruza kama mtu anayeburuta mabati juu ya changarawe, halafu ngoma, halafu sauti ya Zaka, mwimbaji wao, sauti ya mtu ambaye amechoka kuombwa anyamaze. Wanaume wanne wa Mombasa, na magitaa ya umeme. Kwetu tulijua ngoma za kwetu, kwaya ya kanisani, na rumba redioni. Hiki kilikuwa kitu kingine. Nilisimama pale mpaka kaseti ikageuzwa upande wa pili, nikarudi nyumbani bila chumvi. Nyanya yako alipika ugali na mboga chapwa, akaniambia, "Kula kelele zako basi."

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa Radi Kavu. Pasta alisema ni makelele ya shetani. Nikaacha kwaya, sikuacha kaseti. Betri zikiisha nilizianika juani zipate uhai kidogo. Nilijua gitaa linaingia wapi katika kila wimbo kuliko nilivyojua msimu wa kupanda mpunga, na mpunga wangu ulionyesha hivyo.

Halafu wakaja Garsen wenyewe. Walikuwa njiani kwenda Lamu, barabara imekatwa na maji, lori lao likakwama mjini. Jioni wakasema watapiga palepale, kwenye soko la mifugo, juu ya lori. Wafugaji wa Kiorma walikuwa bado wana ng'ombe pale. Gitaa lilipoanza tu, ng'ombe walitimka, na mzee mmoja akaja na fimbo yake juu akipiga kelele, "Zima hiyo kitu! Ng'ombe yangu nakimbia! Nani nalipa?" Watu walicheka hadi kukaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ubavu wa lori na machozi yananitoka.

Wimbo wa tatu, jenereta ikazimika. Zaka akainama akauliza, "Hakuna mwenye petroli hapa?" Na mimi nilikuwa nayo. Babu yako alikuwa amenituma petroli ya pampu ya kumwagilia migomba, mtungi mzima. Nikampa. Wakapiga hadi watu wakachoka kucheza. Mwishoni Zaka akanishika bega, akasema kwenye maikrofoni, "Huyu anaitwa Petroli. Huyu ni ndugu yetu."

Babu yako alinicharaza, na migomba ya upande ule ikakauka. Sikujali. Nilikuwa na jina. Nakuambia hili kwa sababu kila kilichofuata kilikuwa hichohicho: nilikuwa mkarimu sana kwa mali isiyo yangu. Kuku wa mama yako walinipeleka Mombasa kuwaona wakipiga ufukweni. Siku uliyobatizwa nilikuwa Malindi, kwa sababu Radi Kavu walikuwa Malindi. Mama yako alikubeba peke yake hadi mbele ya kanisa, pasta akauliza baba yuko wapi, akasema nina homa. Hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu.

Bendi ilikufa kama bendi zinavyokufa. Mpiga ngoma alifariki, wa besi akaokoka, mmoja akaenda ng'ambo, na Zaka akabaki anaimba nyimbo za watu wengine mahotelini. Wewe ulikuwa umekua, una simu yako na muziki wako, ukawa unanitania, "Baba, hiyo bendi yako ilikufa kitambo, hata haina form." Nikakufukuza na kandambili mkononi, tukicheka wote wawili. Siku zile tulikuwa bado tunacheka.

Unakumbuka alivyofika. Basi la kwenda Lamu lilimshusha Garsen kwa sababu abiria walikataa kukaa karibu naye kwa kile kikohozi. Alikaa juu ya kasha la gitaa lake, kwenye kivuli cha duka la mbolea, mifupa mitupu, na mtu pekee mjini aliyemtambua nilikuwa mimi. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Zaka, ni mimi. Petroli." Akanitazama kwa muda, akasema, "Ah! Petroli!" Nikadhani moyo wangu utapasuka.

Nikampeleka kwetu Kilelengwani, tulikokuwa tukiishi wakati ule. Akalala chumba chako, wewe ukahamia jikoni, na hukunung'unika. Nyanya yako alimpikia uji, akimtania, "Kula, kuku wa mjini, kabla upepo haujakubeba." Alimpenda kwa namna yake. Alikuwa anampenda kila mtu anayemaliza uji.

Siku moja nilimkumbusha Zaka habari za soko la mifugo, jenereta, mtungi wa petroli. Akacheka hadi akakohoa. Akaniambia, "Ndugu yangu, kila mji tulikuwa na Petroli. Ile jenereta tulikuwa tunaizima wenyewe. Watu wa pwani wanaona haya, hawawezi kukunyima mbele ya umati." Akanipiga bega, palepale alipopashika zamani. Hakusema kwa ubaya. Alifikiri nami nitacheka.

Nikacheka. Halafu nikatoka nikaenda kusimama mtoni.

Unaona, mwanangu, nilijua. Sitaki ufikiri nilidanganywa hadi mwisho. Niliujua ukweli wote wakati alipokuwa bado anapumua, na bado nilifanya nilichofanya.

Alipozidiwa, nyanya yako alikuwa Malindi kwa shangazi yako, akitibiwa macho. Zaka alifariki asubuhi, mama yako akiwa anamfuta uso. Nikampigia ndugu yake Mombasa. Akanijibu, "Huyo alituacha kwa sababu ya gitaa. Mzikeni hukohuko." Pasta akaja kwa upole, akasema kanisa lina makaburi Garsen, pakavu, nafasi ipo, watatusaidia hata gari. Mimi nikasema hapana. Nikasema Zaka wa Radi Kavu hawezi kulazwa katikati ya watu wasiomjua.

Wewe unaijua ardhi yetu ile, lakini utakuwa mbali na watu wasioijua, kwa hivyo acha niandike. Kilelengwani udongo ni wa mto. Mto unauleta, mto unauchukua. Kiinuko chetu si kikubwa kuliko uwanja wa nyumba mbili, na ndipo mahali pekee ambapo maji hayafiki. Ndiyo maana kwetu mtu hutaja nafasi yake ya kuzikwa angali hai na ana nguvu. Nyanya yako kila alipomaliza kupalilia kaburi la babu yako, alilaza jembe chini kando yake, upande wa kushoto, akasema, "Hapa pangu. Msije mkanilaza na vyura." Alisema hivyo kila mwaka. Wewe ulikuwa unamwigiza, mkono kiunoni, hadi anakurushia bonge la udongo. Upande wa kulia walikuwa watoto wake aliowazika, na nyuma kingo ilikuwa imeshaanza kumomonyoka. Nafasi nzuri ilikuwa moja.

Asubuhi ile nilikupa jembe, nikakuonyesha palepale. Ulikuwa hata ndevu hujaota. Ukaniambia, "Baba, si hapa ni pa Nyanya?"

Nikakujibu, "Nyanya yako hafi leo. Chimba."

Hukuchimba. Ulisimama na jembe, ukamtazama mama yako, naye akatazama chini. Ukasema tena, taratibu, kama mtu anayemsaidia mwenzake asianguke, "Baba, tumngoje basi tumuulize." Nami nikakwambia, mbele ya majirani, "Nani baba hapa? Wewe au mimi?"

Ukashuka.

Nilisema mgongo unaniuma. Ulikuwa unaniuma kidogo tu. Nilisimama juu ya ule mchanga uliokuwa unautupa, nikawasimulia majirani jinsi Radi Kavu walivyopiga Malindi. Wewe ulikuwa chini unachimba na mimi nilikuwa juu natamba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Jillo, na walioona wako hai.

Sasa nikuambie kile ambacho sijamwambia mtu. Nilisema ni utu. Nilisema mgeni hazikwi kama mbwa. Maneno mazuri, na pasta alikuwa ameshanipa njia ya kuyatimiza bila kumdhulumu mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka awe wangu. Nilitaka kaburi la Zaka liwe kwangu. Niliandika msalaba kwa rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi, ZAKA WA RADI KAVU, nikafyeka njia kutoka mtoni hadi juu, kwa ajili ya watu watakaokuja kumzuru. Nilifyeka njia pana. Alikuja mtu mmoja, na aliuliza kama gitaa linauzwa.

Nyanya yako alirudi na macho mapya. Kwa miaka mingi alikuwa anaona ukungu tu, sasa anaona hadi ng'ambo ya mto. Alishuka kwenye mtumbwi anacheka, anataja kila anachokiona, kuku, sufuria, wewe na urefu wako. Halafu akainua uso kuelekea kiinukoni. Akakuuliza wewe, si mimi, "Yule ni nani pale kando ya babu yako?" Ukamsomea.

Alinigeukia mimi. Kisha akaniambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umempa na shimo la mamako."

Hakuacha kunipakulia chakula. Ila tangu siku hiyo, alipomaliza kupalilia kwa babu yako, hakulilaza jembe chini. Alirudi nalo begani.

Wakati wa nyanya yako ulipofika, mvua zilikuwa zimeanza na kiinuko hakikuwa na nafasi. Nilizunguka pale juu kama kuku anayetaka kutaga. Kule kingoni udongo ulikuwa unadondoka. Tukamlaza chini, migombani, palipokuwa pakavu miaka mingi, na watu wakanifariji kwa kusema panapendeza, pana kivuli. Siku ile ulikataa kushika jembe. Nilikasirika. Nilidhani ni kiburi. Juzi jikoni ndipo nikaelewa.

Halafu maji ya juu yakaja, mvua na mabwawa kufunguliwa kwa pamoja, tukalala kwenye mahema kando ya barabara na mbuzi wa watu. Tuliporudi kutazama, wewe ndiye uliyeshika pondo na kusukuma mtumbwi. Mto ulikuwa umejikatia njia mpya. Kilelengwani yetu yote ilikuwa maji, isipokuwa kiinuko, na juu ya kiinuko msalaba wa buluu.

Nilifurahi. Hapo ndipo nataka tufike, mimi na wewe, kwa sababu najua uliona. Kwa muda mfupi, kabla sijageuza macho kutazama migombani, nilifurahi kwamba msalaba wa Zaka umesimama. Ulikuwa unanitazama usoni. Kisha nami nikatazama kule, na hapakuwa na migomba. Palikuwa na mto, unapita tu, kana kwamba ulikuwa unapita pale tangu uumbaji. Mama yangu alikuwa ndani ya maji yale, mahali tusipopajua. Uligeuza mtumbwi.

Tangu hapo tumekuwa tukizungumza habari za mvua, na chaji ya simu, na bei ya nauli. Tulihamia hapa Tarasaa, tukaanza upya, watu wakasema familia ile imepona. Hukuwahi kunitania tena kuhusu bendi. Nilikuwa nikikungoja unitanie.

Unaweza kudhani niliichukia Radi Kavu baada ya hayo. Ingekuwa hadithi nzuri. Kaseti zote zililoa, sina hata moja, lakini mwezi uliopita mtu mmoja dukani alikuwa na ule wimbo wao wa kiangazi kwenye simu yake, na gitaa lilipoingia malaika yalinisimama kama siku ile ya chumvi. Bado naipenda, mwanangu. Najionea aibu, na bado naipenda. Nimezeeka nikijua kwamba mtu anaweza kukipenda kitu maisha yake yote na kitu hicho kisimjue hata jina. Hilo si kosa. Nawe utapenda kitu kule uendako, kazi au mwanamke au mpira, na sitakuambia usipende. Lakini siku utakaposikia mtu anakusifu kwa ukarimu, simama kidogo ujiulize ulichotoa kilikuwa cha nani. Mimi nilichelewa kujiuliza.

Basi, hili la mikono yako. Mikono yako ilichimba kwa sababu mdomo wangu ulisema. Uliniuliza mara ya kwanza, ukaniuliza mara ya pili. Katika watu wote waliosimama pale, na pasta akiwemo, ni wewe peke yako, mtoto, uliyetaja jina la nyanya yako. Na yeye alilijua hilo. Mama yako alimwambia jioni ileile aliporudi. Unakumbuka alikuita ukalale chumbani kwake, akakuosha mikono kwenye beseni kama mtoto mchanga, ukaona haya? Ulidhani ni uzee. Hakuwahi kuniosha mimi.

Kwa hivyo usiende nalo Doha. Liache hapa mlangoni, nitabaki nalo mimi mwenye nalo. Nilipaswa kukuambia haya ana kwa ana, na kesho nitabeba begi lako hadi kituoni nikijifanya nimekazana na uzito wake.

Kuna ombi moja. Mkataba wako ni mrefu, na kifua changu unakisikia. Ikitokea, watakupigia simu, na utasikia watu wakishauri kwamba kiinukoni sasa pana kipande kilichoongezwa na mafuriko, miguuni pa Zaka, na kwamba mzee alikuwa mtu wa Radi Kavu, basi alale na mwimbaji wake. Watasema kwa nia njema. Kataa. Hata ukiwa mbali, piga simu ukatae. Waambie wanizike chini, kandokando ya mto, pale migomba ilipoishia. Maji yakija yanichukue, nimfuate mama alikokwenda.

Na ukiwa umerudi, ukawa umesimama pale, wakakupa jembe kwa sababu wewe ndiye mwanangu, usilipokee. Waache vijana wengine wachimbe. Wewe ulishachimba.

Baba yako,
Komora